SOMO LETU: TUULIZE VIPI, KWA KIINGEREZA, JUU YA MATUMIZI YA NYUMBA KWA MWEZI?



Wapendwa wanavikundi, leo tunajifunza Kiingereza kidogo. Si Kiingereza cha kujionyesha, ni cha kazi. Makatibu na waweka hazina wengi wametuambia shida ni ile ile: fomu zinakuja kwa Kiingereza, wageni wanakuja na Kiingereza chao, na sisi ndio tunasimama katikati ya mgeni na mama mwenye nyumba. Tunakwama hasa pale panapoulizwa pesa ambazo nyumba inatumia kwa mwezi. Na tukikwama, anayeumia si sisi.

KISA CHA NYANYA NA FOMU

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulimtembelea nyanya mmoja anayelea wajukuu watatu. Mmoja wao, msichana, alikuwa amepata nafasi sekondari, na tulikuwa tunamjazia fomu ya msaada wa karo. Fomu ilikuwa na mistari miwili tu juu ya pesa: "Monthly income", yaani mapato ya mwezi, na "Monthly expenses", yaani matumizi ya mwezi.

Tukamwuliza, "Nyanya, kwa mwezi unapata pesa ngapi?" Akasema elfu tatu. "Na unatumia ngapi?" Akafikiri, akatazama jikoni, akasema, "Inaweza kufika elfu saba." Nasi tukaandika: "She is getting 3,000. She is using 7,000." Tukatia sahihi, tukaenda zetu.

Fomu ilirudi. Aliyeisoma aliandika swali moja kando: mtu anayepata elfu tatu anatumiaje elfu saba? Alidhani nyanya anaficha pesa. Tulipokuwa tukizunguka kurekebisha, muhula wa kwanza ukaisha, msichana yuko nyumbani anachota maji.

Kumbe nyanya hakudanganya hata kidogo. Katika zile elfu saba, 3,000 ilikuwa pesa ya kibarua. Mahindi, maharagwe na mboga za shamba lake alikuwa amezihesabu kwa bei ya soko, kama 2,200. Sukari, sabuni na mafuta taa ya kama 800 alichukua dukani kwa deni, akalipa wakati wa mavuno. Na kuna 1,000 ambayo mtoto wake wa mjini humtumia kwa simu, lakini si kila mwezi, kwa hivyo yeye haiiti mapato. Yote hayo angetuambia kama tungemwuliza. Tuliuliza swali moja kubwa, tukaandika jibu moja kubwa.

Maswali ya namna hii hayako kwenye fomu za karo peke yake. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, nyumba zisizo na mtu wa mshahara huulizwa juu ya hali yao ili mchango wao ukadiriwe, na mchango huo ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, wala haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Anayejaza vibaya, ajue ama asijue, anamtwika mwenzake mzigo.

KWANZA: NANI AULIZWE KWA KIINGEREZA?

Mama wa kijijini asiulizwe kwa Kiingereza. Mwulize kwa lugha ya nyumbani kwake. Kiingereza ni cha mambo matatu: kuandika alichosema, kumtafsiria mgeni, na kuulizana na mtu ambaye hamna lugha nyingine pamoja. Lakini ili uandike vizuri ni lazima ulijue swali la Kiingereza linataka nini. Basi tuyaangalie maneno.

MANENO YANAYOTUCHANGANYA

1. "Spend". Kwa Kiswahili tunatumia jembe na tunatumia pesa, neno ni moja. Kwa Kiingereza ni mawili. Jembe, jiko na sabuni ni "use". Pesa ni "spend". Na "spend" hufuatwa na "on": "How much do you spend on food?" Unatumia pesa ngapi kwa chakula? Tusiseme "How much do you use for food?" Mtu anaweza kuelewa, lakini anaweza pia kudhani unauliza magunia.

2. "Pay" na "pay for". Karo, kodi na bili tunazilipa zenyewe: "pay school fees", "pay rent", "pay the bill". Lakini kitu unachopata kwa pesa yako kinataka "for": "pay for water", "pay for transport".

3. "Cost". Hii ni gharama, na ni ya kitu, si ya mtu. "How much does a bag of charcoal cost?" Gunia la makaa ni bei gani? Ukimwambia mtu "How much do you cost?" umemwuliza bei yake yeye mwenyewe, kama mbuzi! Katika Injili ya Luka 14:28 Bwana wetu anasema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, aketi kwanza ahesabu gharama. Hiyo ndiyo "cost".

4. "Expenses" na "expensive". La kwanza ni matumizi, la pili ni ghali. Yanafanana kwa sikio tu. Angalieni pia: "What are your expenses?" inaweza kujibiwa kwa orodha ya vitu: unga, karo, dawa. Ukitaka hesabu, sema "How much do you spend?"

5. "Earn" na "receive". "Earn" ni kupata kwa jasho lako: kibarua, biashara, mshahara. "Receive" ni kupokea kutoka kwa mwingine, kama mtoto aliye mjini. "Income" ni mapato yote pamoja. Sisi tuliandika "getting", ambayo haionyeshi ni lipi.

6. "Borrow", "lend" na "owe". "Borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha, "owe" ni kudaiwa. "She owes the shop 800 shillings" maana yake duka linamdai 800. Vitu vya deni huitwa "goods on credit". Tafadhalini tuache "borrow me". Sema "lend me".

7. "Household". Hii si "house", ambayo ni kuta na mabati. "Household" ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Katika sensa ya 2019 ndivyo watu walivyohesabiwa: wanaoishi pamoja, wanapika pamoja, na wana mkuu mmoja wa nyumba, hata kama wanalala vyumba tofauti katika boma. Kijana mwenye nyumba yake ndogo bomani lakini anakula kwa mama yake ni wa "household" ya mama yake.

WAKATI KATIKA SENTENSI

Kwa Kiswahili tukisema "unatumia ngapi?" inaweza kuwa leo, inaweza kuwa siku zote. Kiingereza hutenganisha.

"How much do you spend?" ni ile yetu ya "hutumia", mazoea ya siku zote.

"How much did you spend last month?" ni "ulitumia", mwezi uliopita tu.

"How much are you spending?" ni siku hizi, pengine kwa sababu kuna mgonjwa au mjenzi nyumbani. Kwa mambo ya kila mwezi tusiitumie hii.

Na "kwa mwezi" si "for month". Kwa mdomo tunasema "a month" au "every month". Kwenye karatasi utaona "per month" au "monthly". Zote ni sawa.

ULIZA KITU KIMOJA KIMOJA, KWA WAKATI WAKE

Hapa ndipo kiini cha somo hili. "What are your monthly expenses?" ni Kiingereza safi kabisa, wala hakina kosa. Lakini nani kati yetu anaweza kulijibu papo hapo? Unga hununuliwa kwa siku au kwa wiki. Karo ni ya muhula. Mbolea ni ya msimu. Mwezi ni wa watu wa mshahara. Kwa hivyo uliza kila kitu kwa wakati wake, na kazi ya kugeuza kuwa mwezi iwe yako wewe mwenye kalamu.

Haya ni maswali tunayoyatumia siku hizi, kwa utaratibu huu:

"How many people live here and eat together?" Ni watu wangapi wanaishi hapa na kula pamoja?

"Who buys the food? Who pays the school fees?" Nani hununua chakula? Nani hulipa karo? Mara nyingi anayejua bei ya unga si yule anayejua deni la shule. Waulize wote wawili.

"How much do you spend on food in a week?" Kwa wiki mnatumia ngapi kwa chakula?

"Do you buy all of it, or does some come from the farm?" Mnanunua chote, ama kingine kinatoka shambani? Swali hili ndilo lingemwokoa nyanya.

"What do you cook with, and how much do you spend on it?" Mnapikia nini, na inawagharimu ngapi?

"Do you pay for water?" Maji mnalipia?

"How much do you pay in school fees each term?" Karo ni ngapi kwa muhula?

"Was anyone ill last month? What did it cost you?" Kuna mtu aliugua mwezi uliopita? Iliwagharimu ngapi?

"Do you take goods on credit? When do you pay?" Mnachukua vitu kwa deni? Mnalipa lini?

"Does anyone send you money? How often?" Kuna anayewatumia pesa? Mara ngapi?

"Do you put anything aside?" Kuna kinachowekwa akiba? Hapa mtu ataje mchango wa kikundi na merigoraundi.

"Is there anything we have left out?" Kuna kitu tumesahau? Usiache swali hili. Hapo ndipo hutoka sadaka, matanga, harambee, kredo ya simu na nauli.

KUGEUZA KUWA MWEZI

Wengi huzidisha wiki mara 4. Hapo tunapoteza, maana mwaka una wiki 52, na miezi 12 ya wiki nne nne inafanya 48 tu. Njia sawa: zidisha ya wiki kwa 52, gawanya kwa 12. Mfano: nyumba inatumia 600 kwa wiki kwa chakula. Mara 4 ni 2,400. Lakini 600 mara 52 ni 31,200, na ukigawanya kwa 12 unapata 2,600. Shilingi 200 zilikuwa zimepotea kila mwezi.

Karo: mihula ni mitatu. Kama ni 6,000 kwa muhula, mwaka mzima ni 18,000. Gawanya kwa 12, unapata 1,500 kwa mwezi. Kwa Kiingereza andika "about 1,500 shillings a month". Neno "about" ni lile letu "kama", kama 1,500 hivi. Mtu akikupa kadirio, andika "about". Usimfanye aonekane amehesabu senti ambazo hakuhesabu.

ADABU YA KUULIZA

Pesa ni siri ya mtu. Kwetu hatuingii nyumbani na kusema "Nipe matumizi yako." Kwa Kiingereza pia, "Give me your expenses" ni amri. Anza hivi:

"May I ask you a few questions about what your household spends?" Naomba kukuuliza maswali machache juu ya matumizi ya nyumba yako.

"Could you give me a rough idea?" Unaweza kunikadiria tu?

"You don't have to answer if you'd rather not." Kama hupendi, si lazima ujibu.

Mweleze pia ni kwa nini unauliza, na nani atasoma. Tena usiulize mbele ya majirani. Tumeona baba akitaja pesa nyingi kwa sababu jirani alikuwa amekaa pale, halafu jina lake likakosa msaada. Hapo si baba wa kulaumiwa. Sisi ndio tulichagua mahali pa kuuliza.

MGENI AKIONGEA KIINGEREZA CHA KWAO

Wageni hawaulizi kila mara kama fomu. Siku moja mgeni alimwuliza mzee, "What do you live on?" Katibu wetu akatafsiri, "Unaishi juu ya nini?" Mzee akajibu, "Juu ya shamba la marehemu baba." Tulicheka sote, lakini jibu likaandikwa hivyo. Mgeni alikuwa anauliza: unategemea nini kupata riziki?

Mengine utakayoyasikia ni haya. "How do you manage?" au "How do you get by?" ni mnajikimu vipi. "Can you make ends meet?" ni je, pesa zinatosha mpaka mwisho wa mwezi? "Can you afford it?" ni je, unakimudu? "How much does that come to?" ni jumla yake ni ngapi? "Is there anything left over?" ni kuna kinachobaki?

Nasi tusiogope kumwuliza mgeni. Kuulizana ni urafiki. Ila tujue kwamba Uingereza na kwingine huko Ulaya, kumwuliza mtu mshahara wake, "How much do you earn?", huonekana ni kuingilia mambo yake. Uliza juu ya watu wa kwao kwa jumla: "Is it expensive to live where you come from?" Maisha kwenu ni ghali? "How much does a family there spend on food?" Familia ya kwenu hutumia ngapi kwa chakula? Atajibu kwa furaha. Na sisi tufikiri kidogo: ikiwa swali lile ni zito kwa mgeni mwenye mshahara, ni zito pia kwa nyanya asiyekuwa nao. Heshima ni ile ile.

FOMU YA PILI

Tulirudi kwa nyanya, tukakaa saa nzima na maswali yale. Safari hii hatukujaza ile mistari miwili peke yake. Tuliambatisha karatasi, tukaandika hivi:

"The household has four people. Its monthly expenses come to about 7,000 shillings. The grandmother earns about 3,000 shillings a month from casual work. Food worth about 2,200 shillings a month comes from her own farm. She buys goods worth about 800 shillings a month on credit and pays the shop after the harvest. In some months her son sends her about 1,000 shillings."

Jumlisha: 3,000 na 2,200 na 800 na 1,000 ni 7,000. Hesabu ni ile ile ya siku ya kwanza. Nyanya alikuwa sawa tangu mwanzo. Fomu ilikubaliwa, na msichana akaanza shule muhula wa pili. Ule wa kwanza hatukuweza kumrudishia.

ZOEZI LA KIKUNDI

1. Sahihisha: "How much do you use for food for month?"

2. Sahihisha: "The shop borrowed her sugar."

3. Nyumba hutumia 150 kwa wiki kwa makaa, na karo ni 4,500 kwa muhula. Ni ngapi kwa mwezi?

4. Mgeni anasema: "Can they make ends meet?" Mtafsirie mama mwenye nyumba, lakini kwa namna ambayo haitamwaibisha.

Majibu: 1. "How much do you spend on food a month?" 2. "The shop gave her sugar on credit." 3. Makaa 650, karo 1,125, jumla 1,775. 4. Yako namna nyingi, kwa mfano: "Mama, kwa kawaida vitu vya nyumbani vinawafikisha mwisho wa mwezi, ama kuna siku vinapungua?"

MASWALI YA KUJADILI

Je, katika kikundi chetu tunamwuliza mwanachama mambo ya pesa mbele ya wote? Kuna fomu tuliyojaza kwa haraka, ambayo tungepaswa kurudia? Nani kati yetu anajua Kiingereza kidogo, na anaweza kukaa na katibu jioni moja wayafanyie mazoezi maswali haya, mmoja akiwa mgeni na mwingine mama mwenye nyumba?

Fanyeni zoezi hili katika mkutano ujao, kila mtu ahesabu kwanza matumizi ya nyumba yake mwenyewe. Ukishatafuta majibu ya nyumba yako, utajua jinsi swali hilo lilivyo gumu, nawe utamwuliza mwenzako polepole.